Kukariri darasani, kusifu barazani, kurudia jukwaani: tuanze kuacha lipi?

Mama wa Kisauni ameuliza:

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa muda. Lina pande tatu, na pande hizo zinafanana kiasi kwamba nashindwa kuamini kuwa ni mambo matatu tofauti.

Upande wa kwanza ni shule. Mwanangu ana daftari maalumu la insha ambalo mwalimu wake amewaandikisha aya za kuhifadhi: aya ya alfajiri yenye jogoo, umande na miale ya jua, aya ya msiba, aya ya safari, aya ya mtu aliyejuta. Mtoto huzihifadhi zote, kisha akipewa kichwa cha insha huchagua inayokaribiana nacho akaiweka mwanzoni. Nilimwambia anieleze alfajiri ya mtaani kwetu, ambako kinachotuamsha ni adhana na baada yake makanga wanaoita abiria wa mjini, naye akanisomea aya ya daftari neno kwa neno. Si mtoto mzito. Akiwa na wenzake ni hodari wa kusimulia. Ila ameshafahamu kwamba la kwake mwenyewe halina alama.

Upande wa pili ni baraza. Katika mikutano ya hadhara ya wadi yetu, kila anayeinuka kusema hutaja kwanza wakubwa wote waliohudhuria, kwa vyeo vyao na kwa kufuata daraja, kisha huwashukuru kwa barabara au kisima au madarasa ambayo yamejengwa kwa kodi yetu sisi wenyewe. Anapofika kwenye shida iliyomtoa nyumbani, mwenye kipaza sauti ameshamwashiria aketi.

Upande wa tatu ni muziki, nao nausema kwa uchungu kwa sababu nimelelewa katika nyumba ya nyimbo. Harusini na redioni nasikia nyimbo ambazo sehemu kubwa yake ni majina ya wenye fedha, na nyingine zinazorudia maneno mawili matatu ya mapenzi ambayo kila mwimbaji ameshayaimba. Msimu wa uchaguzi ukifika, waimbaji walewale huondoa jina la mpenzi wakaweka la mgombea.

Je, mazoea haya yana mzizi mmoja? Na kama ndivyo, tuanze kuung'oa upande gani? Nataka pia kujua kama kuyauliza haya ni kuwakosea adabu waliotutangulia, maana hilo ndilo jibu ninalopewa nyumbani.

Mwalimu wa Majengo amejibu:

Mama, ahsante kwa kulileta jambo hili wazi. Mimi ninafundisha Kiswahili, na daftari unalolisema nalijua vizuri, kwa kuwa walimu wengi wa somo hili wanalo la namna yao. Ningependa ufahamu lilikotoka kabla hujamlaumu mwalimu wa mtoto.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili, minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa lugha yetu hilo lilikuwa jambo kubwa, na sisi wa Pwani tulikuwa na haki ya kulifurahia. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ndio ulioamua mtoto ataingia shule gani ya upili, na insha peke yake ilikuwa na alama 40 zilizotafutwa kwa dakika 40. Mtahini aliyekaa mbele ya rundo la karatasi huona kwa haraka hati nzuri, methali, tashbihi na msamiati mgumu. Fikra ya mtoto huhitaji asome polepole, na muda huo hana. Walimu wakalitambua hilo mapema, wakaanza kuwapa watoto mapambo yaliyo tayari. Shule iliyopata wastani wa juu ilitangazwa magazetini, wazazi wakaifuata, na daftari likazidi kunenepa. Mwaka 2014 waziri wa elimu alipopiga marufuku kupanga shule kwa nafasi, hapa kwetu waliolalamika zaidi hawakuwa walimu. Walikuwa ni wazazi, waliotaka kujua mtoto wao ameshinda wangapi.

Mtihani ule ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi uliokuja mahali pake unataka mwanafunzi apimwe pia kwa kazi anazozifanya darasani mwaka mzima, na kwa maandishi yake ni mtaala unaomtaka mtoto afikiri na aulize. Hata hivyo daftari halijafa, kwa sababu mwalimu aliyefundishwa kwa daftari hufundisha kwa daftari, na kwa sababu darasa lenye watoto wengi kupita kiasi halimpi nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Katika shule za upili hali si tofauti sana. Wanafunzi wanasoma mwongozo wa kitabu teule badala ya kitabu chenyewe; wanaweza kukutajia maudhui na mbinu zote za riwaya ambayo hawajafungua ukurasa wake wa kwanza. Hili linaniumiza kuliko daftari la insha, maana riwaya imeandikwa ili mtu akae nayo, abishane nayo, amchukie mhusika na baadaye amhurumie.

Sasa naomba tusikosee upande wa pili. Kuhifadhi si adui. Watoto wetu huhifadhi Qur'ani chuoni, na wazee wetu walihifadhi tenzi ndefu ambazo zingepotea kama vifua vyao visingezishika. Aliyehifadhi utenzi anajua kwamba ni wa mtunzi fulani, anaupokea kama amana na kuusoma kwa heshima. Aliyehifadhi aya ya insha anatakiwa adai kwamba ni yake, na kwamba hiyo ndiyo alfajiri aliyoiona. Hapo tunamfundisha mtoto mdogo kutoa ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia.

Kuna zoea jingine ambalo hukulitaja na ambalo mimi naliona baya zaidi. Zipo shule, na baadhi yake ziko katika kaunti yetu hii, ambamo kiranja huandika majina ya wanaosema Kiswahili katika siku isiyokuwa ya Kiswahili, na walioandikwa huadhibiwa au kufedheheshwa mbele ya wenzao. Zamani mtoto alivishwa kibao shingoni. Fikirini kuhusu jambo hili likitendeka Mombasa, mji ambao watoto wake wengi hawana lugha nyingine ya nyumbani. Sera ya kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha inayotumika katika eneo la shule imekuwapo tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na kumtesa mwanafunzi kisaikolojia. Pamoja na hayo yote, daftari la majina lipo. Na mtoto aliyeadhibiwa kwa kufungua kinywa asubuhi hawezi kuambiwa mchana kwamba maoni yake yanathaminiwa.

Nitakiri pia ugumu ulio upande wa Kiswahili chenyewe. Mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, na tangu hapo mtoto wa Mvita, yaani wa Mombasa, akiandika kama anavyosema bibi yake hupigiwa mstari mwekundu. Usanifu tunauhitaji, wala siupingi. Ninachokipinga ni mwalimu kuuandika mstari huo bila maelezo, mtoto akaenda zake akiamini kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Ami wa Kibokoni amejibu:

Mwanangu wa Kisauni, swali lako halina utovu wa adabu hata kidogo. Anayekwambia kwamba kuuliza si desturi yetu hajaijua desturi yenyewe.

Malenga Muyaka bin Haji aliishi katika mji huu tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi takriban mwaka 1840. Zilikuwa zama za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kuvutana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mpaka mji ulipoanguka mwaka 1837, na mashairi yake yaliingia kati ya mvutano huo: yanahimiza, yanakemea, yanauliza na kujibiwa. Hakuyatungia msikiti peke yake. Yalisemwa sokoni na barazani, na watu wakayabeba vifuani mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmishonari William Taylor. Karne moja na zaidi baadaye, Abdilatif Abdalla, kijana wa mji huuhuu, alitoa mwaka 1968 waraka wa kuuliza nchi inaelekea wapi, akatiwa gerezani mwaka 1969 na kutolewa mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika kifungoni yalikuja kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Basi kama ni waliotutangulia, hao nao wametutangulia. Kwa nini tunapotaja wazee tuwataje wale walionyamaza tu?

Kuhusu muziki, nasikia vijana wakishutumiwa kwamba wanaiga midundo ya Lagos na ya Dar es Salaam. Mimi sioni hapo pana kosa. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua sauti nyingi za filamu za Kihindi, na mji mzima ukampenda kwa hizo. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alishika udi, chombo cha Waarabu, akakipigia Kiswahili kilichotimia. Bahari imetuletea sauti za watu tangu zamani. Kilichokuwa chetu kisichoazimwa ni maneno. Bhalo alikuwa na watunzi, na mmoja wao ni Ahmad Nassir, malenga ambaye shairi lake lingesomwa bila ala hata moja na bado likasimama. Shairi lilikuwa na vina na mizani, lakini zaidi ya hayo lilikuwa na jambo: mtu amesalitiwa na rafiki, mtu anaonywa asiuze kitu cha urithi, mtu anajibu neno alilorushiwa wiki iliyopita.

Ninavyoona mimi, kilichotutoka ni ule ugawaji wa kazi. Palikuwa na mtunzi aliyekaa na maneno siku nyingi, palikuwa na mwimbaji, na palikuwa na wapigaji. Leo kijana mmoja anaingia studio jioni bila neno lolote, anasikilizishwa mdundo, na kabla ya usiku wa manane ametoka na wimbo. Atasema nini zaidi ya yale yaliyokuwa yakielea hewani? Atarudia. Na kwa kuwa studio inadai, atataja jina la atakayelipa.

Hilo la kutaja majina lina mizizi katika kutunza. Katika taarabu, mtu akiguswa na ubeti huinuka akampa mwimbaji fedha mbele ya watu, na hiyo ilikuwa namna ya msikilizaji kusema: neno hilo umelisema kwa niaba yangu. Fedha zilifuata neno. Sasa neno ndilo linalofuata fedha, kwani jina hutajwa kwanza ili mwenyewe ainuke. Kwa macho ni desturi ileile, kumbe imegeuzwa mbele nyuma.

Halafu kuna hoteli za ufuoni, ambazo watu hawapendi kuzitaja katika mazungumzo haya. Tangu utalii ushamiri miaka ya 1970, bendi nyingi za Pwani ziliishi kwa kuwachezea wageni. Mwaka 1982 Them Mushrooms walitoa wimbo wa kumkaribisha mgeni ambao umeenea dunia nzima, nao waliustahili umaarufu huo. Lakini wenye hoteli walijifunza jambo moja tu kutokana nao, ndipo wakaagiza wimbo uleule na ndugu zake usiku baada ya usiku. Nimewajua wapiga gitaa wenye uwezo mkubwa wa kutunga ambao umri wao wote uliishia kwenye chakula cha jioni cha wageni, wakiulizana hali na watu ambao wangeondoka kesho. Siwalaumu, maana walisomesha watoto kwa kazi hiyo. Nasikitikia nyimbo ambazo hazikutungwa.

Binti wa Tudor amejibu:

Ami, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako kwa heshima, na mengi nayakubali, ila naomba nitofautiane nawe katika mambo mawili.

La kwanza, taarabu ya zamani haikuwa na maswali kwa kila mtu. Wanawake walipewa nafasi ya kurushiana mafumbo harusini, na fumbo ni silaha nzuri kwa mnyonge asiyeweza kumtaja mkubwa kwa jina. Lakini mara nyingi fumbo lile lilimwangukia mwanamke mwingine: aliyeachwa, aliyechelewa kuolewa, mke wa pili. Mwanamume aliyesababisha yote alikaa nje akisikiliza. Zoea hilo limeingia katika nyimbo za leo bila kubadilika, isipokuwa sasa fumbo limevuliwa nguo likawa tusi. Tukisema turudi kwa wazee, tuchague tunarudia nini.

La pili, wapo vijana waliouliza. Ukoo Flani, kundi la kufoka lililoanzia Mombasa, liliimba kuhusu mitaa, polisi na njaa kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote wa hapa alikielewa. Kwa nini hatulihesabu katika urithi wetu wa mashairi? Kwa sababu walivaa kofia za vitambaa na hawakushika udi? Kujibizana kwao kwa mistari ni kulekule kwa Muyaka na wapinzani wake.

Na kuhusu ugawaji wa kazi, naomba tukumbuke kwamba mapema miaka ya 2000 muziki uliondolewa katika masomo yanayotahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi, na somo lisilotahiniwa nchini kwetu halifundishwi. Kilichobaki kwa watoto wengi ni Tamasha la Muziki, ambako nimeimba mwenyewe. Tulikuwa tukipewa shairi la kwaya la kusifu shirika fulani la serikali au kampeni yake, tukalihifadhi pamoja na mikono na tabasamu zake, kwa sababu kitengo hicho cha mashindano kilikuwa na mfadhili. Mtoto aliyefundishwa sanaa kwa njia hiyo akija kumwimbia mgombea akiwa mtu mzima, ametenda alilofundishwa. Katika mtaala mpya kuna mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili za juu, na wanafunzi wa kwanza walipangiwa kuuingia katika Gredi ya 10 Januari 2026. Ninauombea heri, lakini nitauamini nitakapoona walimu wa muziki wameajiriwa.

Kijana wa Likoni amejibu:

Mama, shikamoo, na wakubwa wote waliochangia. Nitasema kuhusu baraza, kwa kuwa huko ndiko ninakoshinda.

Nadhani Binti wa Tudor ameugusa mzizi wenyewe. Tazameni mwaka 1988. Mwaka huo palikuwa na kura ya mlolongo, ambapo mpiga kura wa mchujo wa chama pekee kilichoruhusiwa alijipanga nyuma ya mgombea wake mbele ya macho ya watu wote, na kila mtu akajulikana amesimama wapi. Mwaka huohuo iliundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Kwaya za shule, za walimu na za mashirika zikawa zinatunga nyimbo za kumsifu kiongozi kwa ajili ya sikukuu za kitaifa, na watoto wakawa wanazijua kuliko nyimbo za bibi zao. Kwa mtu wa wakati ule, kumsifu mkubwa kulikuwa kinga. Mahali pamoja palikutana darasa, siasa na wimbo, na wazazi wetu wakajifunza hapo namna ya kusimama mbele ya mwenye mamlaka. Mfumo wa chama kimoja ulifutwa katika katiba mwaka 1991. Mkao ule haukufutwa, nasi tumeurithi bila kuuliza kama hatari iliyouzaa bado ipo.

Leo Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kwa hiyo mikutano inaitishwa, viti vinapangwa, majina yanaandikwa. Lakini nyaraka tunazotakiwa kuzitolea maoni, zenye kurasa nyingi na majedwali ya fedha, zimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi tunaziona siku ileile ya mkutano. Mvuvi wa Mtongwe atasema nini juu ya waraka huo? Atashukuru. Atataja majina, ataomba dua, ataketi. Tusimcheke mzee huyo kwa kusifu, maana tumempa kitu kimoja tu anachoweza kukisema bila kuaibika.

Jambo la pili ni wakati. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mtu anayeinuka mwezi wa Juni kulalamikia mtaro wa Timbwani anakuta mafungu yameshagawanywa, na anachoweza kupata ni ahadi. Sisi kikundi chetu tumeanza kutoa muhtasari wa nyaraka hizo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, tunausoma kwenye maskani kabla ya mkutano, na watu wanakwenda wakiwa na swali moja lililoandikwa. Tumeona tofauti. Mama mmoja aliuliza kwa nini kituo cha afya kilichotajwa katika mpango wa mwaka uliotangulia hakimo katika makadirio, hakutaja cheo cha mtu hata mmoja, na ukumbi ulinyamaza kumsikiliza. Alijibiwa, tena kwa kuheshimiwa.

Mwaka 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walifanya kazi kubwa kabla ya kutoka barabarani: waliusoma, wakaueleza kwa lugha za watu, kipengele kwa kipengele. Wengi wanakumbuka maandamano na machozi ya siku zile, na ni haki yakumbukwe, kwa kuwa watu walikufa. Mimi nakumbuka pia kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia mama muuza viazi karai akijadili ushuru kwa hesabu.

Baba wa Changamwe amejibu:

Nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze, lakini nalisema kwa nia njema. Mimi ni mzazi, na kazi yangu imekuwa katika shughuli za mizigo ya bandari. Fomu za forodha, barua za kampuni za meli, mahojiano ya kazi, vyote ni Kiingereza. Nilimpeleka binti yangu shule ya Kiingereza kitupu kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakirudishwa mlangoni kwa kukosa sentensi mbili. Mwalimu anaposema kuhusu Kiswahili nyumbani namwelewa, lakini asinifanye nionekane msaliti kwa kumtafutia mtoto riziki.

Na hilo la kusifu, ndugu zangu, wakati mwingine linaleta kitu. Mtaa wetu ulipata taa za barabarani baada ya wazee kumpokea mwakilishi kwa heshima na vigelegele. Mtaa wa pili, uliomzomea, uko gizani. Mtu mwenye watoto wanaorudi chuoni baada ya magharibi atachagua nini?

Mwalimu wa Majengo amejibu:

Ndugu yangu wa Changamwe, hakuna anayekuita msaliti. Kiingereza mtoto akijue, tena akijue vizuri kuliko sisi. Ninalolikataa ni kumfundisha lugha moja kwa kumwaibisha kwa nyingine, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hajifunzi yoyote kati ya hizo mbili. Kuhusu taa, umesema kweli na ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama taa za kodi hutolewa kwa vigelegele, basi mtaa wa pili umeadhibiwa kwa kusema, kama vile mtoto anavyoandikwa jina na kiranja. Watoto wa mtaa ule nao hurudi chuoni baada ya magharibi.

Mama wa Kisauni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeelewa sasa kwamba mzizi ni mmoja, na kwamba kijana wa Likoni ameshaanza kuung'oa upande wake. Nitamtafuta ili nasi wa Kisauni tuupate ule muhtasari kabla ya Februari. Kwa Baba wa Changamwe nasema kwamba hofu yake naijua, kwa kuwa hata mimi nina mtoto anayepita gizani.

Mwalimu, nimebaki na jambo moja. Nikienda kwa mwalimu wa mwanangu na maneno haya, nitaonekana nimekwenda kumfundisha kazi. Niingieje?

Mwalimu wa Majengo amejibu:

Usiende na lawama, wala usiende na daftari mkononi. Nenda na karatasi moja aliyoiandika mtoto nyumbani kuhusu jambo aliloliona mwenyewe, hata kama ina makosa ya tahajia, umwombe mwalimu aisome na amwambie mtoto ni wapi ilimgusa. Mimi huwatuma wanafunzi wangu Soko la Kongowea au kivukoni Likoni, nikawataka waniletee mambo matatu ambayo mwenzao hakuyaona. Mwanzoni hukaa na kalamu mkononi bila kujua la kuandika, kwa kuwa hakuna aya ya soko katika daftari lao. Wakishapita hapo huandika kwa wingi mpaka kengele inalia, na ndipo ninapowafundisha methali, kwa kuwa sasa wana mahali pa kuitia.

Mwambie pia mwalimu kwamba hutamlaumu alama zikishuka kwa muhula mmoja. Neno hilo likitoka kwa mzazi litamsaidia kuliko ushauri wowote wa mtaala, kwa maana kinachomfunga kwenye daftari ni kukuogopa wewe.

Na kama kuna wazazi wengine wawili watatu wa darasa hilo wanaofikiri kama wewe, nendeni pamoja.